Shajara ya mradi: bajeti ya wadi kati ya zamu za kazini

Agosti. Muda kwanza, programu baadaye

Lengo: kuchuja miradi ya wadi moja kutoka vitabu vya bajeti ya kaunti, kuikagua mmoja mmoja mashinani, na kuwasilisha maoni ya maandishi kabla dirisha la ushirikishwaji wa umma halijafungwa. Mikono ni mitatu, yote ya waajiriwa wa kampuni za teknolojia Nairobi. Wadi yenyewe iko mashambani. Mfadhili hakuna. Programu inayohitajika ni ndogo, mistari mia chache ya Python na hifadhidata ya SQLite. Kinachosumbua ni kalenda mbili ambazo hakuna hata moja inayokubali kusogezwa.

Ya kwanza ni ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha, ile inayoitwa CFSP na kila mtu, inafika bungeni kufikia 28 Februari, na bunge lina siku 14 za kuijadili. Makadirio ya bajeti ni 30 Aprili. Kuidhinishwa ni 30 Juni. Ripoti za utekelezaji hutoka kila robo mwaka, ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kwisha.

Ya pili ni ya zamu za hitilafu, yaani juma ambalo simu ya kazini ikilia saa nane usiku lazima laptopu ifunguliwe. Mmoja hushika zamu kila juma la nne, wa pili kila juma la tano, wa tatu kila juma la sita. Ukizidisha haraka haraka (3/4 × 4/5 × 5/6) unapata kwamba wote watatu wako huru nusu ya majuma. Hesabu hiyo haijakamilika, kwa sababu 4 na 6 zote ni shufwa: zamu za hao wawili ama hugongana mara kwa mara ama hazigongani kamwe, kutegemea zilianzia juma gani. Zikigongana, majuma huru ni 32 katika 60. Zisipogongana ni 28. Zetu hazigongani, kwa hiyo mpango umejengwa juu ya 28. Ratiba ya zamu zote tatu imewekwa kwenye jedwali moja hadi Juni, na majuma ya mwisho wa Februari na mwisho wa Aprili yamebadilishanwa na wenzetu wa kazini mapema, mwezi huu huu. Ukiomba kubadilishana juma moja kabla, wenzio wamekwisha kupanga safari zao.

Saa zinazopatikana ni sita kwa juma kwa kila mtu, asubuhi nne za dakika 90, saa 11:30 alfajiri hadi saa 1:00. Jioni hazitegemeki. Mmoja wetu ana kikao cha kila siku na timu iliyo pwani ya magharibi ya Marekani, saa tatu asubuhi kwao. Majira yao ya kiangazi kikao hicho huangukia saa moja usiku huku, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi huangukia saa mbili usiku. Kumbuka Februari iko katikati ya kipindi hicho.

Kanuni za kugawa kazi: kipande kisichoweza kuisha ndani ya dakika 90 kinakatwa viwili. Kila kipande kinafungwa kwa mstari mmoja juu ya faili ya shajara unaotaja amri inayofuata kuendeshwa na faili inayohusika. Mstari huo ndio unaookoa dakika 20 za kujikumbusha. Aliye zamu hapewi kazi ya kuandika programu. Hupewa kusahihisha mistari iliyosomwa vibaya na mashine, kwa kuwa hiyo inaweza kukatizwa popote bila hasara.

Mambo ya mwajiri yamemalizwa kabla ya yote. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi iliyotengenezwa katika shughuli za ajira huhesabiwa kuwa ya mwajiri isipokuwa kuna makubaliano mengine, na mikataba mingi ya teknolojia hupanua wigo huo zaidi. Kila mmoja aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa idara ya wafanyakazi: mradi ni nini, hauna mapato, hautumii laptopu wala akaunti wala saa za kampuni, na kampuni ikiwa na zabuni yoyote na kaunti hiyo mhusika atajitoa. Majibu ya mdomo hayakuhesabiwa. Tulisubiri ya maandishi. Funguo za seva, akaunti ya msimbo na barua pepe ya mradi zote ziko nje ya vifaa vya kazini. Hata kufungua barua pepe ya mradi kwenye simu iliyosajiliwa na kampuni kumekatazwa, maana simu hiyo inaweza kufutwa kutoka mbali siku mtu anapoacha kazi.

Kanuni moja zaidi, ya siasa: anayetaka kuwania kiti chochote mwaka 2027 anakabidhi funguo siku anayoamua, hasubiri siku ya kutangaza.

Septemba. Karatasi

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ulipatikana kama PDF. Kabla ya kufanya lolote, `pdffonts`, amri inayoorodhesha fonti zilizo ndani ya PDF, huendeshwa kwenye faili. Ikitoa orodha tupu, basi faili ni picha zilizoskaniwa na hakuna maandishi ndani yake. Yetu ilikuwa mchanganyiko: kurasa za mwanzo zina maandishi halisi, majedwali ya mwisho ni picha. Huu ndio mtego, kwa sababu `pdftotext -layout`, amri ya kutoa maandishi kwenye PDF, inamaliza bila kulalamika na majedwali yanakosekana kimya kimya.

Makadirio ya mwaka unaoendelea yalikuwepo kwa kitabu tu, ofisini kwa karani wa bunge la kaunti. Ruhusa ya kupiga picha ilitolewa. Ruhusa ya kutoka nacho hapana. Kifaa kilichobebwa: ubao wa sentimita 40 kwa 50, nguzo ya mbao ya inchi 2×2 yenye mkono wa kushikia simu, kitambaa cheusi, na taa mbili za LED zilizowekwa pembeni, kushoto na kulia, zikimulika kwa mshazari. Mwako wa simu umezimwa, kwani karatasi ya kung'aa huacha doa jeupe katikati ya jedwali, na doa hilo hupenda kukaa juu ya tarakimu.

Umbali wa kamera una maana kubwa kuliko aina ya simu. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ikiwekwa sentimita 25 juu ya ukurasa wa A4 uliolazwa, upande mrefu unachukua takriban sentimita 33 pamoja na ukingo, na hiyo ni nukta 308 kwa inchi. Jaribio la kwanza lilikuwa sentimita 30: zikashuka hadi 255 hivi, na kwa herufi ndogo za majedwali ya kaunti 6 na 8 zikawa hazitofautiani. Nusu ya siku ilipotea hapo. Sasa kuna alama ya kalamu kwenye nguzo.

Simu zinazohifadhi picha kwa HEIC zimebadilishwa zihifadhi JPEG. Baada ya kila kurasa 50, namba ya ukurasa iliyochapwa chini inalinganishwa na idadi ya picha. Kurasa mbili zilizoshikana ni kosa la kawaida kuliko picha iliyotikisika, na halionekani mpaka jumla zikatae kukubaliana mwezi unaofuata.

Siku hii moja ilikula siku nzima ya likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Mradi umetengewa tano kwa kila mtu: moja ya karatasi, moja ya Februari, mbili za Mei na moja ya akiba. Vikao vya kaunti huwa siku za kazi mchana, hilo halijadiliki.

Oktoba. Kusoma tarakimu

Picha zinaunganishwa kuwa PDF kwa `img2pdf`, ambayo haizibani upya, kisha mashine husoma maandishi yaliyo kwenye picha:

`ocrmypdf --rotate-pages --deskew -l eng kitabu.pdf kitabu-soma.pdf`

Kwa ile PDF mchanganyiko, `--skip-text` huongezwa ili kurasa zenye maandishi ziachwe zilivyo. Mwanzoni lugha iliwekwa `eng+swa` kwa kudhani majina ya mahali yatasomwa vizuri zaidi. Matokeo yalikuwa mabaya kidogo. Vitabu vya bajeti vimeandikwa kwa Kiingereza na majina ya vijiji si ya Kiswahili wala ya Kiingereza, hivyo kuongeza lugha kuliipa mashine nafasi zaidi ya kubahatisha. Kwa majedwali yasiyo na mistari, Tesseract, programu ya kusoma maandishi inayotumiwa na `ocrmypdf`, hufanya vizuri ikipewa `--psm 6`, yaani ichukulie ukurasa kuwa bunda moja la maandishi.

Kazi hii ilikuwa kwenye Raspberry Pi 4 ya nyumbani, ikiendeshwa usiku. Stima ilipotea mara mbili katika juma moja na kadi ya SD ikaharibika mfumo wake wa faili. Sasa mfumo uko kwenye diski ya SSD kupitia USB, umeme wa volti 5 na ampea 3 kutoka chaja yake halali (chaja ya simu hushusha volti diski inapoanza kufanya kazi), na matokeo ya kila ukurasa huandikwa kwenye faili yake peke yake ili stima ikirudi kazi iendelee ilipoishia.

Kisha kusafisha. Haya ndiyo makosa yaliyojitokeza, kwa mpangilio wa yalivyotugharimu muda:

Mabano. Kwenye bajeti ya nyongeza, (1,200,000) maana yake pesa zimepunguzwa. Msimbo wa kwanza ulikuwa unafuta kila kisicho tarakimu, hivyo kila kilichokatwa kikageuka kuwa nyongeza. Orodha ya wadi ilionekana imenona ajabu. Mabano sasa hukaguliwa kabla ya usafishaji wowote.

Mkato uliosomwa kuwa nukta. 1.200,000 ikiingizwa kama namba ya desimali inakuwa shilingi moja na senti. Dawa ni kutotumia desimali kabisa: kiasi ni namba kamili, vitenganishi vyote huondolewa, na kiasi chochote cha chini ya elfu kumi kwenye safu ya maendeleo hupigwa alama kikaguliwe kwa macho.

Jumla ndogo. Mstari wa jumla ya programu ndogo ukichukuliwa kama mradi, jumla yako inatoka mara mbili kamili ya iliyochapwa. Ukiona mara mbili kamili, usitafute penginepo.

Tarakimu zilizobadilishana nafasi. Mbinu ya wahasibu wa zamani bado inafanya kazi: tofauti kati ya jumla yako na iliyochapwa ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta 54 iliyoandikwa 45. Mashine hubadilisha mara chache, kidole cha mtu anayesahihisha saa 11 alfajiri hubadilisha mara nyingi.

Jina lililokatika. Maelezo marefu hushuka mstari wa pili usio na kiasi. Mstari usio na kiasi huunganishwa na wa juu yake, isipokuwa uko juu kabisa ya ukurasa, hapo huunganishwa na wa mwisho wa ukurasa uliotangulia.

Sharti la kufunga mwezi: kila jumla iliyochapwa ilingane na yetu hadi shilingi ya mwisho. Jumla mbili zilikataa kata kata. Kurasa zilirudiwa kwa macho, na ikaonekana kitabu chenyewe kimejumlisha vibaya. Hilo liliandikwa pembeni kwa matumizi ya Februari.

Novemba. Majina

Mradi hauna namba moja inayodumu kutoka mpango wa mwaka hadi makadirio hadi ripoti ya robo. Josho lile lile linaitwa “ujenzi wa”, kisha “ukarabati wa”, kisha “ukamilishaji wa”, na kijiji kimeandikwa kwa tahajia tatu. Ulinganishaji unafanywa kwa maktaba ya RapidFuzz, inayopima ukaribu wa maneno, kipimo cha `token_set_ratio`, kizingiti 85 kati ya 100. Kosa lake kubwa ni awamu: “Awamu ya I” na “Awamu ya II” hupata alama za juu sana ingawa ni mikataba miwili. Kwa hiyo namba zote, za Kirumi na za kawaida, huchomolewa kwenye jina kwanza na lazima zilingane kikamilifu. Maneno yanayobaki ndiyo hupimwa kwa ukaribu. Jozi zenye alama 85 hadi 94 hupitiwa na mtu.

Saa za Marekani zilibadilika juma la kwanza. Kikao kikahamia saa mbili usiku. Mengine hakuna.

Desemba. Mashinani

Kampuni nyingi husimamisha mabadiliko ya mifumo kuelekea Krismasi, zamu zinapoa, na watu wanakwenda ushago. Ndio mwezi pekee ambao kalenda zote mbili zinaachia, ingawa ofisi za kaunti zimefungwa. Ukaguzi ulipangwa hapa makusudi.

Fomu ni nusu ukurasa, imechapwa, maana simu huishiwa chaji na karatasi haiishiwi. Maswali: upo, haupo, umeanza, umesimama, kuna bango la mradi na limeandikwa kiasi gani, kipenyo cha ndani cha kalavati kwa utepe (milimita 600 au 900, bango likisema 900 na utepe ukisema 600 hiyo ni habari), urefu wa barabara kwa njia iliyorekodiwa na GPS ya simu. Mita ya bodaboda ilijaribiwa ikatupwa, inazidisha. GPS ya simu kwenye uwazi hukosea mita tano hivi, inatosha kwa barabara, haitoshi kwa kusema zahanati iko ndani ya mpaka wa kiwanja au nje.

Picha mbili kwa kila mradi, moja ya karibu na moja yenye alama ya mahali nyuma, mti mkubwa, kanisa, duka. Nyuso haziingii. Kabla ya picha kushirikiwa, `exiftool -all=` hufuta taarifa zilizofichwa, baada ya viwianishi vya mradi kunakiliwa kwenye fomu.

Theluthi ya malalamiko yaliyopokelewa barabarani hayakuwa ya kaunti kabisa. Madarasa ya shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa na kwa kawaida hujengwa na NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Barabara nazo zina wenyewe kadhaa. Safu ya “mhusika” iliongezwa kwenye fomu siku ya pili. Bila safu hiyo maoni ya Februari yangetupwa kwa haki.

Nauli ya bodaboda inalipwa kwa M-Pesa na kuandikwa. Posho hakuna. Wawili waliokuwa wamejitolea waliondoka kwa sababu hiyo, na ni afadhali waliondoka Desemba kuliko Aprili.

Januari. Ujumbe mfupi

Wakazi waliokubali kwa maandishi kuandikisha namba zao wanaulizwa kuhusu mradi ulio karibu nao. Ujumbe wa majaribio:

“Bajeti ya wadi: josho la ng'ombe, Sh2,400,000. Je, kazi imeanza? Jibu 1 NDIYO, 2 HAPANA, 3 SIJUI.”

Una herufi 97. SMS moja hubeba herufi 160 za seti ya GSM, yaani herufi za kawaida za simu, kwa hiyo unapaswa kulipiwa kama mmoja. Bili ilikuja ya miwili. Chanzo ni ng'ombe. Aliyeuandika alitumia programu ya kuandikia barua, ikageuza kile kistari cha juu kuwa cha kupinda, na alama hiyo haimo kwenye seti ya GSM. Alama moja tu kama hiyo huulazimisha ujumbe mzima kutumwa kwa seti ya UCS-2, yenye nafasi 70, au 67 kwa kila kipande ujumbe ukigawanywa. 97 zikawa vipande viwili. Kwa Kiswahili tatizo hili haliepukiki kwa bahati: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, ming'oko. Alama za kupinda na jamaa zake (U+2018, U+2019 na U+02BC) sasa hubadilishwa kuwa ile iliyonyooka (U+0027) mlangoni, na ujumbe wenye herufi yoyote nje ya seti hukataliwa kutumwa mpaka mtu aupitie.

Kosa la pili ni saa. Taarifa ya kikao ilisema “saa 3 asubuhi”, kikumbusho kikalia saa tisa usiku kwa sababu kompyuta ilisoma 03:00. Kanuni sasa ni kuongeza sita na kuamua kwa neno linalofuata (asubuhi, mchana, jioni, usiku). “Usiku wa Jumamosi saa saba” umeachwa bila kutafsiriwa. Hata wasemaji wenyewe hawakubaliani ni usiku upi.

Kuhifadhi namba. Wazo la kwanza lilikuwa kuzihifadhi kwa SHA-256, alama ya hesabu isiyogeuzwa nyuma, ili zisisomeke. Halifai. Namba za simu za mkononi nchini huanza na 7 au 1 na tarakimu nane, yaani uwezekano milioni 200 tu, na laptopu ya kawaida inazijaribu zote kwa muda wa kunywa chai. Kwa ulinganishaji hutumika HMAC, alama ya aina hiyo iliyochanganywa na ufunguo wa siri usiokaa kwenye hifadhidata, na namba zenyewe ziko kwenye faili moja iliyosimbwa inayofunguliwa wakati wa kutuma tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini na inataka mtu aweze kujiondoa: neno TOKA linafuta namba siku hiyo hiyo. Majibu yanaonyeshwa kwa jumla, na kijiji chenye majibu chini ya matano hakionyeshwi, maana watu wanne wa kijiji kimoja wanajulikana.

Februari. CFSP

Wengi hujitokeza Mei, wakati makadirio yanasomwa. Kufikia hapo viwango vya juu vya kila idara vimekwisha kuwekwa na CFSP. Ukiomba Mei zahanati iongezewe, jibu sahihi kisheria ni kwamba pesa zitoke ndani ya idara ile ile ya afya. Kuhamisha kutoka idara moja hadi nyingine ni hoja ya Februari. Mradi mzima ulipangwa ili orodha iwe tayari mwezi huu, hata ikiwa na mapengo.

Maoni yaliandikwa kurasa mbili. Kila hoja ina ukurasa wa kitabu, namba ya kifungu, kiasi, kilichoonekana Desemba na tarehe yake, na ombi moja lenye chanzo cha pesa. Hoja tisa zilikatwa zikabaki nne. Mbili za kwanza ni zile jumla za kitabu zilizokosewa, kwa kuwa hakuna siasa ndani yake na maafisa wa hazina wanaweza kuzikubali bila kumuudhi yeyote. Zikikubaliwa, zilizobaki zinasikilizwa kwa sikio jingine. Kwenye kikao kila msemaji hupewa dakika chache, hivyo watu wanne walichukua hoja moja moja. Nakala mbili zilipelekwa kwa karani, moja ikarudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri hakuna ushahidi kwamba kuna maoni yaliyotolewa.

Nakala hiyo hiyo ilitumwa dakika ile ile kwa mwakilishi wadi, kwa wapinzani wake wote wanaojulikana, kwa msimamizi wa wadi na kwenye vikundi vya WhatsApp vya vijiji. Aliyepata wa kwanza huigeuza kuwa yake. Ombi la kuipata siku mbili mapema lilikuja, kwa upole, likajibiwa kwa upole.

Juma la kikao, mmoja alipata hitilafu kubwa kazini na hakutokea. Hotuba yake ilikuwa imeandikwa tayari kwa herufi kubwa na mtu wa kijijini aliisoma. Hii ni faida ya kuandika hotuba badala ya kubeba vidokezo kichwani.

Machi

Mikataba ya miradi miwili iliyosimama haikupatikana. Ombi liliwasilishwa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mambo ya kuzingatia: sheria inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili, hakuna ada ya kuomba, ni gharama halisi ya kunakili tu, jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 21, na zinaweza kuongezwa mara moja kwa siku zisizozidi 14. Kimya huhesabiwa kuwa kukataliwa, na kuanzia hapo kuna siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kikumbusho cha siku ya 22 kiliwekwa siku ile ile ya kuwasilisha. Ombi lisiwe “taarifa zote za mradi”, hilo linakataliwa kwa urahisi. Taja hati: mkataba, orodha ya vifaa na gharama, cheti cha malipo cha mwisho.

Orodha ya vifaa ya mradi mmoja ilitolewa siku ya 19. Wa pili, kimya, umepelekwa Tume.

Aprili hadi Juni

Ripoti ya robo ya tatu na makadirio mapya hutoka majuma yale yale, na Mei ilikuwa na majuma mawili ya zamu mfululizo kwetu. Hakuna msimbo mpya ulioandikwa. Kitabu kipya kilipigwa picha, kikapita mashine ya Oktoba bila kuguswa, na ulinganishaji ukaonyesha miradi iliyosukumwa mwaka ujao ikiwa na jina jipya na kiasi kilekile. Jozi saba zilihitaji macho. Siku mbili za likizo za Mei zilitumika kama zilivyopangwa, ile ya akiba ilitumika pia.

Jumla moja iliyokosewa ilisahihishwa kwenye makadirio. Ombi la kuhamisha pesa za taa za mulika mwizi kwenda kalavati halikukubaliwa. Kuhusu josho, pesa zimebaki, neno limebadilika kutoka “ujenzi” hadi “ukamilishaji”.

Yaliyo wazi, 30 Juni

Alama ya kalamu kwenye nguzo imefutika, ichongwe kwa kisu. Kizingiti cha 85 kijaribiwe kwa 88 kwenye jozi zilizokwisha kupitiwa. Fomu ya ukaguzi iongezwe swali la bango lililong'olewa. Mmoja wetu anahamia timu yenye zamu ya kila juma la tatu kuanzia Agosti, kwa hiyo hesabu ya majuma huru irudiwe kabla ya Mpango wa Mwaka kufika bungeni 1 Septemba.